Karatasi Nane za Meli ya Mwalimu

Wiki niliyokabidhi meza yangu, Achieng wa karakana yetu aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama Shiru, si utuandikie kitu kabla uende? Hizo story zako za chai zitapotea." Nikamjibu kwamba hadithi za chai ziishie kwenye chai. Lakini leo ni siku ya nne niko nyumbani, sijashika sindano, na vidole vinaniwasha. Basi naandika. Mtakaotafuta humu nilivyopandishwa cheo mtafunga mapema, maana niliingia karakana nikiwa mshonaji wa vitabu na nimetoka nikiwa mshonaji wa vitabu, tofauti ni kwamba siku hizi mnaniogopa. Mshahara tuuache ulipolala. Nataka kuwaeleza kazi ilivyokuwa, na kosa moja nililolifanya kwa mikono hii hii, nikaja kulijua miezi miwili kabla ya kustaafu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Karakana ilikuwa palepale mnapoijua, ghorofa ya pili katikati ya mji, ila wakati huo dirisha lilikuwa linafunguka. Fundi mkuu alikuwa Salim, mtu wa Mombasa, mfupi, kofia safi kila siku, aliyejifunza kujalidi misahafu kwa babake kabla hajajua kuendesha baiskeli. Siku ya kwanza alinipa rejista kuukuu ya shule na kisu butu, akaniambia niifumue hadi zibaki karatasi tupu. Nilipopasua mgongo niliruka nyuma. Ndani kulikuwa na vipande vya gazeti, tangazo la sinema, na barua ya mtu aliyekuwa akimsihi shemeji yake arudi nyumbani. Mimi nilidhani ndani ya kitabu kuna kitabu.

"Fundi, nani ametia takataka humu?"

"Takataka!" Akashika kiuno. "Huo ndio uti wa mgongo, mwanangu. Kitabu chasimama kwa hizo. Wewe wadhani chasimama kwa jalada la kung'aa?"

Ndivyo nilivyojua habari za kikapu. Nyinyi mmekuta karatasi ya khaki inaletwa kwa mabunda. Sisi tulikuwa na kikapu cha ukindu chini ya meza, tukikiita kikapu cha migongo. Karatasi yoyote nzito iliyokwisha kazi iliingia humo: kalenda za mwaka uliopita, barua zilizokosewa, na hasa mitihani ya zamani ya shule, iliyopigwa chapa upande mmoja na upande wa pili mtupu. Tulizikata kwa urefu kuwa vipande vyembamba, tukavibandika mgongoni mwa kitabu tabaka mbili tatu, kisha ndipo jalada likaja juu. Sheria ilikuwa moja. Hakuna karatasi iliyoingia kikapuni kabla Fundi hajaigeuza na kuitazama pande zote mbili. Alizipitia moja moja kama mtu anayechagua mchele. Mimi niliona anapoteza wakati.

Niliona pia anapoteza wakati kwa gundi. Gundi ya kopo ilikuwa imeshafika madukani, inakauka ukipepesa macho, lakini Salim kila Jumatatu alipika gundi yake ya unga wa ngano, akaitia matone ya mafuta ya karafuu isiote ukungu. Karakana nzima ilinuka pilau isiyokuwepo. Nilipomuuliza kwa nini tunajitesa, alisema gundi ya kopo ikishashika imeshika, haina kurudi, na kitabu chochote siku moja kitahitaji kufumuliwa na fundi mwingine. "Mhurumie huyo mtu," akasema. Sikujua kwamba huyo mtu ni mimi.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na miwili alipokuja Mwalimu Njoroge. Alikuwa mwalimu wa historia aliyestaafu, mrefu, suti ya kahawia, akiishi nyuma ya maduka pale Dagoretti Corner. Alitaka kujua kama tunajalidi karatasi zilizoandikwa kwa mkono. Salim akamuuliza ni kitabu cha nini.

"Historia ya meli," akasema. "Manowari ya Wajapani."

Nilidhani mzee amechoka na jua. Manowari ya Wajapani, kwa Kiswahili, kutoka Dagoretti Corner! Lakini alivuta kiti, akatueleza. Kabla ya ualimu alikuwa baharia, mtu wa injini katika meli ya mizigo iliyotoka bandari ya Kilindini. Safari moja walitia nanga Japani na kukaa wiki mbili wakingoja kifaa. Siku ya mapumziko alitembea bila kujua aendako, akakuta meli kubwa ya kivita imesimama ukingoni, haielei, imekitwa ardhini kwa saruji kama nyumba. Mtu akamtamkia jina lake: Mikasa.

Salim alicheka hadi akavua miwani. "Ati Mikasa! Na wao hawajui maana yake?"

"Hawajui," Mwalimu akasema. "Lakini imeyapata yote."

Akatusimulia. Ilijengwa Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, maana Wajapani wakati huo walikuwa wakiagiza manowari zao kubwa huko. Ikawa meli ya amiri wao katika vita na Warusi. Katika ile vita kubwa ya baharini ilitangulia mbele ya wenzake, ikapigwa mizinga mingi, na haikuzama. Warusi walishindwa, amani ikatiwa sahihi. Siku chache baadaye, ikiwa imetia nanga katika bandari ya kwao wenyewe, Sasebo, hakuna adui wala wimbi, ghala lake la baruti likalipuka na meli ikazama palepale.

"Mwalimu, wacha!" nikasema. Nilikuwa nimesahau sindano imening'inia.

"Na waliokufa bandarini, dada yangu, ni wengi kuliko waliokufa melini siku ya ile vita."

Nilishtuka kama nimeambiwa msiba wa jirani. Nikamuuliza nani aliilipua. Akasema hakuna aliyejua kwa hakika, yapo maneno tu. Kisha akaendelea, na kila alichosema kilinishangaza kuliko cha kwanza. Waliiinua kutoka majini, wakaikarabati, ikarudi kazini. Ilipozeeka wakaifanya ukumbusho. Vita vya pili vilipokwisha na Japani imeshindwa, mizinga ikang'olewa, na watu wakawa wanacheza dansi juu ya sitaha waliyofia mabaharia, na samaki wakafugwa ndani ya vioo wapate kutazamwa. Baadaye ikarudishiwa sura yake, na ndivyo alivyoikuta. Mlinzi mmoja mzee, aliyejua Kiingereza cha kuokoteza, alikaa naye nusu siku akamsimulia ule mlipuko, kwa sababu baba yake alikuwa mpishi wa meli hiyo na aliponea kwa kuwa alikuwa nchi kavu. Mwalimu aliyaandika maneno ya yule mlinzi usiku huohuo kwenye kijidaftari, na miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu, akayanakili upya kabla kijidaftari hakijaliwa na mchwa. Ndiyo iliyokuwa sura ya saba, na alisema ndiyo sababu ya kitabu kizima. Sura nyingine mtu angeweza kuzisoma kwingine. Hiyo ilikuwa kwake tu.

Karatasi zililetwa Alhamisi na binti yake, Nyambura, ambaye alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington na hiyo ndiyo siku yake ya mapumziko. Zilikuwa ndani ya mfuko wa unga, kila sura imefungwa uzi wa sufi wa kijani. Baba yake alikuwa amempa azisome kwanza.

"Hii ya saba imenimaliza," akaniambia, akiipapasa. "Nimeisoma mara mingi, nikingoja maharagwe iive. Mama mwenye nyumba akanipata nalia, akafikiria ni vitunguu, na vitunguu sijakata."

Nilicheka, nikapokea mfuko, nikaandika kwenye daftari la kazi. Kesho yake, Ijumaa, nilifungua nyuzi zote za kijani ili nizinyooshe karatasi chini ya presi, ile mashine yetu ya kukandamizia vitabu. Saa sita Salim akaenda msikitini. Nilikuwa na kazi nyingine mezani, rejista kumi za shule moja ya Loresho, na dereva wao alikuwa anakuja saa nane. Migongo ilikuwa bado. Nikakata karatasi za mitihani, nikapaka gundi kwenye migongo, nikabandika, nikaweka majalada, na dereva alipofika rejista zilikuwa bado na joto la mikono yangu. Salim aliporudi alinisifu. Nilikuwa nimevimba kichwa siku nzima.

Kitabu cha Mwalimu nilikishona wiki iliyofuata kwa uzi uliopakwa nta, jalada la bluu. Alikichukua kwa mikono miwili. Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua dirisha, alikuwa amesimama mlangoni.

"Sura ya saba iko wapi?"

Salim alikitwaa kitabu akakifungua. Sura ya sita, kisha ya nane. Mwalimu alikuwa ameanza hesabu ya kurasa upya katika kila sura, na mimi nilishona bila kuzikagua sura zenyewe. Salim akakimwaga kikapu cha migongo sakafuni, akapiga magoti, akageuza karatasi zote. Hakukuwa na kitu. Akainua uso akanitazama.

"Wanjiru, una hakika?"

"Fundi, nilishona kilichokuja."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyokuona."

Mwalimu akakitwaa kitabu chake, akasema polepole, "Basi ni Nyambura. Ameiacha huko jikoni kwa watu, imewashiwa moto." Nawaambia ukweli wangu wa siku ile, hata kama utanishusha machoni penu: nilipumua. Nilifurahi kwamba si mimi.

Nyambura alikuja karakana mara tatu. Alitazama chini ya presi, nyuma ya kabati, ndani ya pipa la nje. Mara ya mwisho alikaa kwenye kiti changu akalia. "Baba amesema nisikanyage kwake bila hizo karatasi. Sasa nitatoa wapi? Nilizileta hapa na mkono yangu. Mbona hakuna mtu ananiamini?" Nilimpa chai. Moyoni nikasema, masikini, mzembe na bado anabisha. Hakurudi tena. Kwa miaka ishirini na mitano sikumfikiria, isipokuwa nikipita kwa gari kuelekea Ngong Road na kuona maduka ya Dagoretti Corner, na hapo nilijiuliza tu kama wale watu walipatana. Salim alirudi Mombasa, akafariki huko, Mungu amrehemu. Kikapu kikafa, karatasi ya khaki ikaja, nikawa mimi ndiye wa kuwafokea nyinyi juu ya gundi. Mnajua kwamba niliendelea kuipika ile ya unga. Mlininunia kwa sababu ya harufu.

Sasa mwaka huu. Mnakumbuka ile shule ya Loresho ilileta rejista moja iliyochanika mgongo, na Achieng akaniambia, "Hii ni yako Mama, ni ya kitambo, handwriting ya kwa daftari ni yako." Kweli, ilikuwa kazi yangu. Niliilowanisha mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikangoja gundi ilegee, nikaanza kubandua. Tabaka la kwanza lilitoka, maswali ya jiografia. Nikaligeuza.

Upande wa pili ulikuwa na mwandiko wa kalamu ya biki ya bluu, umeinama kushoto, herufi ndefu za mwalimu wa ubao. Kipande kilikuwa chembamba, kila mstari maneno mawili matatu. Nilisoma "ilikuwa imetia". Chini yake "bandari ya Sasebo". Chini yake "na hakuna adui".

Sikupiga kelele. Achieng anasema nilipiga, lakini sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba nilikaa sakafuni na kile kipande mkononi, na meza yangu ya miaka yote nikaiona kutoka chini. Yote yalinijia kwa mara moja. Mwalimu alikuwa mwalimu! Alipoishiwa karatasi aliandika nyuma ya mitihani ya zamani ya shule yake, na hakuna aliyewaza kunitajia. Sura ya saba ililala mezani kwangu kifudifudi, uzi wake nimeshaufungua mwenyewe, na juu yake maswali ya jiografia. Mimi nikaona mtihani wa zamani, na mtihani wa zamani ni mali ya kikapu. Salim alikuwa msikitini. Sikugeuza. Nilichukua kisu nikaikata kwa urefu, kipande baada ya kipande, huku nikiimba, maana nikiwa na haraka huwa naimba.

Na nilisema nina hakika! Nilisema mbele ya baba yake!

Siku tatu sikula vizuri. Niliwaza kunyamaza, nisijifanye mtakatifu. Nani angejua? Rejista ingepata mgongo mpya, mimi ningepata keki ya kustaafu. Lakini kila nikifumba macho namwona Nyambura amepiga magoti chini ya presi, anatafuta kitu nilichokipeleka Loresho mwenyewe. Nikafungua daftari la kazi la mwaka ule. Rejista kumi, zote zimeandikwa. Nikampigia karani wa shule nikamwambia nataka kuzikarabati zote kumi bure kama zawadi yangu ya kuaga. Alinishukuru hadi nikaona haya. Zilipatikana tisa. Ya kumi iliharibiwa na paa lililovuja, wakaitupa.

Mlioniona nimejifungia nyuma wiki tatu mkadhani naringa, ndicho nilichokuwa nafanya. Kitambaa cha uvuguvugu, mfupa wa kukunjia karatasi, subira. Gundi ya Salim iliachia karatasi kama maganda ya viazi vilivyochemshwa. Wino wa biki haukukimbia. Ingekuwa gundi ya kopo, leo ningekuwa na unga wa karatasi tu. Nililia kwa kumkumbuka yule mzee, na kwa hasira kwamba hayupo nimwambie. Nilipanga vipande juu ya kioo, nikaviunganisha ubavu kwa ubavu juu ya karatasi mpya. Kurasa nane zilirudi, ila mbili za mwisho zilikosa kipande cha katikati, kile cha rejista ya kumi. Kila mstari ulikuwa na mwanzo na mwisho, na shimo kati.

Nilimtafuta kwanza Nyambura, Lavington, katika nyumba iliyoandikwa kwenye daftari la kazi; bado alikuwa akipika humo. Mlinzi wa geti alinisimamisha karibu saa moja. Alipotoka nilimtambua kwa mwendo. Nywele zilikuwa nyeupe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nikamwonyesha. Hakugusa.

"So zilikuwa kwenu," akasema.

"Zilikuwa kwangu. Nilizikata mimi."

"Miaka ishirini na tano." Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali. "Mama yangu alizikwa nikisimama huko nyuma na majirani. Unajua hiyo? Na wewe ulikuwa unanipea chai."

"Najua sasa. Sina neno. Nisamehe ukiweza."

"Siwezi leo." Akafunga kitenge kiunoni. "Lakini utamwambia wewe. Na mdomo yako. Mimi nitasimama hapo nisikie."

Jumapili alasiri tulienda Dagoretti Corner. Mwalimu alikuwa sebuleni, amepungua, blanketi magotini, macho yameingiwa na ukungu. Jirani anayemtunza alitukaribisha. Kitabu cha bluu kilikuwa juu ya meza. Nyambura alisimama mlangoni, hakuingia. Nikapiga magoti mbele ya kiti ili asikie vizuri, nikamweleza yote, mtihani, kikapu, kisu, na yale maneno "nina hakika". Sikuacha kitu. Nilipomaliza nikaogopa kwamba nimekuja kumuua mzee wa watu.

"Nyambura hakuzipoteza," akasema hatimaye.

"Hakuzipoteza, Mwalimu."

"Yuko hapo?"

"Niko, Baba," akasema kutoka mlangoni.

Hakugeuka kumtazama. Alinyoosha mkono kwenye karatasi, akazipapasa, akasema kwa sauti ya mtu asiyejua aseme nini kingine, "Mimi sioni. Nisomee."

Nyambura akaingia, akakaa kwenye kigoda kando yake, nikampa kurasa. Akasoma. Alisoma jinsi vita ilivyokwisha na mabaharia wakaanza kuandikiana barua za nyumbani. Alisoma baba wa yule mlinzi, mpishi, alivyopewa ruhusa kwenda nchi kavu kumwonyesha mama yake kwamba amerudi mzima. Mzee alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Nyambura nikifuata mistari kwa jicho, maana nilijua mahali pabaya panakuja, kurasa mbili za mwisho zenye shimo, na nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya kuomba radhi.

Alifika kwenye shimo. Hakusita.

"Asubuhi alirudi gatini na kapu la figili alilopewa na mama yake," akasoma, "akakuta milingoti na mabomba ya moshi tu yametokeza juu ya maji. Akasimama akaita majina ya wenzake wa jikoni, mmoja mmoja, kama mtu anayeita watu chakula kimeiva. Alipomaliza majina alianza tena."

Niliangalia ukurasa. Nikaangalia tena. "Kapu la figili" halikuwepo. "Wenzake wa jikoni" haikuwepo. Palikuwa na karatasi mpya nyeupe niliyoibandika mwenyewe. Nikamtazama Nyambura, na macho yake hayakuwa kwenye karatasi kabisa, yalikuwa kwenye uso wa baba yake.

Akaenda hivyo hadi mwisho, mstari kwa mstari, na kila mwanzo na mwisho uliobaki ulipokea alichosema bila kuacha nafasi. Kisha akaziweka kurasa magotini, na huko nje makanga wa matatu walikuwa wanaita abiria.

"Hiyo sehemu," Mwalimu akaniuliza, "ulisema imepotea."

"Imepotea, Mwalimu. Haiko hapa. Anaisema kwa kichwa."

Mzee aligeuka. Kwa mara ya kwanza aligeuka. "Ulikuwa unaijua?"

"Yote, Baba. Kutoka juu mpaka chini. Naisemanga nikipika."

"Miaka hii yote? Nimejaribu kuiandika tena ikanishinda! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza iko wapi," Nyambura akasema. "Hukuniuliza inasema nini."

Nimeshawahi kujikata kidole kwa kisu cha karatasi hadi mfupa, na maneno hayo yalinichoma zaidi. Mwalimu alilia bila kujificha, mabega yakitikisika. "Nimekukosea, mwanangu," akasema. "Nimekukosea mno." Nyambura hakusema amesamehe, na mimi sitawaandikia kwamba alisema. Alitoa leso akamfuta pua kama mtoto. Kisha akachukua kalamu yangu, akainama, akaanza kujaza yale mashimo kwa mwandiko wake, na mimi nikatoa sindano na uzi wa nta, nikafumua kitabu cha bluu juu ya meza ya chai, nikaishona sura ya saba mahali pake. Niliukagua kila ukurasa. Niliugeuza pande zote mbili. Mgongoni niliweka karatasi mpya.

Jua lilipokuwa linashuka Nyambura alisimama na kutafuta mkoba wake. Mwalimu akasikia.

"Unaenda wapi?"

"Lavington, Baba. Kazi kesho."

Mzee akamwita jirani. "Chumba cha Nyambura kiko na nini sasa?"

"Viazi, Mwalimu. Magunia nne."

"Itolewe."

Jirani akasema atamwita kijana wa dukani kesho asubuhi. Nikamwambia asimwite mtu. Nilikunja mikono ya blauzi, mwanamke wa miaka sitini, mgongo umeisha kwa kuinama, nikaingia kile chumba, na magunia yote manne niliyaburuta nje mimi.